Dada yangu ana kilo 96 na hana hela, ila mtaa mzima unaamini anazo. Hivi unene na kipato vinahusianaje?

Mjukuu wa Mvumi

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote mlioko humu. Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu, naomba msinichoke maana ni refu kidogo.

Mama yetu bado yuko kijijini upande wa Mvumi. Mimi nakaa Nkuhungu, kazi nafanya ofisini kule Mtumba. Dada yangu mkubwa yuko hapa hapa mjini, anapika maandazi na chapati anauza asubuhi karibu na kituo cha daladala. Dada ana kilo 96 na urefu wake ni sentimita 158. Mimi nilihamia Dodoma kutoka Dar mwaka 2019 nikiwa na kilo 64, saivi nina 79. Mama toka nimepata akili hajawahi kuvuka kilo 50.

Sasa ndugu wakitukuta pamoja kwenye msiba au harusi wanatupanga wenyewe, dada ndo mwenye maisha mazuri, mimi nafuata, mama ndo wa kuonewa huruma. Ukweli uko kinyume kabisa. Mama ana mbuzi 11, ana shamba la uwele na karanga, hadaiwi na mtu. Dada siku nzuri akishatoa hela ya ngano, mafuta, sukari na mkaa anabaki na elfu sita, siku mbaya elfu mbili, na hapo ana watoto watatu wa shule na kodi ya chumba.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwaka juzi walipita watu mtaani kwake wanaandika kaya zenye hali ngumu ili zisaidiwe, kikao kikafanyika chini ya mwarobaini, jina la dada likatajwa. Mama mmoja akasimama akasema huyu naye? si mnamuona alivyonawiri? Watu wakacheka, wakaenda jina linalofuata. Dada alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, hakujibu kitu. Aliniambia mwezi mzima baadae, tena ni kwa sababu nilimkuta anakata daftari katikati kwa kisu ili watoto wawili wagawane.

Kwahiyo nauliza wanaojua, hivi unene ni dalili ya kipato kweli? Maana nasikia huko Ulaya na Marekani maskini ndo wanene, huku kwetu tunaambiwa tajiri ndo mnene, na nyumbani kwetu mimi naona vyote viwili kwa pamoja na sielewi.

Nesi Zamu ya Usiku

Pole sana ndugu yangu, na mpe dada pole zangu, hilo la kwenye kikao limeniuma hata mimi nisiyemjua.

Nianze na vipimo. Chukua kilo 96 gawanya kwa mita 1.58, jibu ligawanye tena kwa 1.58, unapata kama 38 na nusu. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kwahiyo dada hayuko kwenye kunawiri, yuko mahali ambapo presha na kisukari vinaanza kubisha hodi, tena yuko mbali toka kwenye ule mstari. Tafadhali mpeleke apimwe wiki hii hii, aende asubuhi kabla hajala kitu.

Kuhusu kipato. Tafiti za taifa za afya ya jamii zinapima wanawake wa miaka 15 hadi 49 kila baada ya miaka kadhaa. Wenye uzito uliozidi ukijumlisha na kiribatumbo walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika 22 mwaka 2010, wakafika 28 mwaka 2015/16, na namba haijarudi nyuma toka hapo. Na ni kweli kwamba kwenye hizo tafiti kaya zenye uwezo zina wanene wengi kuliko kaya maskini, na mjini wengi kuliko kijijini. Kwahiyo wale watu chini ya mwarobaini hawakuota ndoto, waliona kitu ambacho kwa wastani kipo. Kosa lao ni kuchukua wastani wa nchi nzima wakamvalisha mtu mmoja aliyekaa mbele yao.

Mimi kazini kila siku namuona huyo mtu mmoja. Anakuja mama ana kilo 88, amebeba mtoto wa miaka miwili ambaye kwa urefu ungesema ana mwaka na miezi mitatu. Nyumba moja, sufuria moja. Ukimshusha mama kope la chini unakuta kweupe, damu hana. Watu wanashangaa mtu mnene anakosaje damu, lakini mafuta ya mwilini ni akiba ya nguvu tu, humo hakuna akiba ya madini ya chuma wala vitamini. Mtu anaweza kushiba wanga na mafuta miaka kumi na mwili ukawa na njaa muda wote huo. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano umeshuka toka asilimia 34 mwaka 2015/16 mpaka 30 mwaka 2022, ni hatua nzuri, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi, na wengi mama zao kwa macho wanaonekana wako vizuri tu.

Mama Lishe Sabasaba

Mie sijasoma hayo ya kugawanya ila napika mwaka wa kumi na mbili huu naomba niongee kwa hesabu ya jikoni maana dada yako namuelewa kama najiangalia mwenyewe. Mteja akija na buku anataka ashibe mpaka jioni, hataki kusikia habari ya vitamini, kwa buku nampa chai ya sukari na maandazi manne anaondoka ameshiba, mboga za majani na kipande cha samaki na parachichi siwezi kumpa kwa buku hata nikimpenda vipi. Ngano na sukari na mafuta ndo vitu vinavyoshibisha kwa bei ndogo halafu havikuozei, mchicha ukilala umekwisha, na kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua zianze hapa Dodoma mnajua wenyewe fungu la mchicha linavyokuwa, bei ile ile au imepanda ila majani unayahesabu, ndo maana kijijini tulikuwa tunakausha mlenda tunaweka.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho mtu asiyeuza chakula hakioni. Sisi tunaopika hatuli, tunaonja na tunamalizia. Andazi lililobaki huwezi kuliuza kesho mteja atakusema, na huwezi kulitupa maana ni hela yako, kwahiyo unalila. Saa tano asubuhi mimi ndo napata chai yangu ya kwanza, nakula yaliyobaki matano au sita na chai ya sukari nyingi kwa sababu nimeamka saa tisa usiku na mwili unatetemeka. Siyo tamaa. Ni kwamba hicho ndo chakula cha bure pekee nilichonacho siku nzima. Vile vizuri mayai na maziwa wanakula watoto, na ni sawa wale wao.

Na mafuta pia, mwenye hela ananunua dumu, sisi tunapima ya jero jero, unakaangia leo unachuja unakaangia kesho unaongeza kidogo juu.

Kijana wa Mkokoteni

Kwa heshima zote mimi sikubaliani. Nasukuma mkokoteni Majengo toka saa kumi na mbili asubuhi, nakula chipsi, nakula chapati, nakunywa soda, na sina kitambi. Mwili ni kazi. Mtu akifanya kazi hawezi kunenepa, mengine ni kujitetea.

Nesi Zamu ya Usiku

Kaka nakuheshimu na jasho lako, lakini soma tena alichoandika Mama Lishe. Ameamka saa tisa usiku. Dada wa mleta mada naye hivyo hivyo. Hiyo ni kazi, tena ngumu, ila ni kazi ya mikono na moshi, umekaa kwenye kigoda saa tano mfululizo. Wewe unatembea na gunia la kilo mia mbele yako. Mwili wako unachoma mara nyingi zaidi ya wake na hamjazidiana juhudi hata kidogo. Na kulala masaa manne tu kila usiku miaka na miaka kunaongeza njaa, hiyo imepimwa, mtu aliyekosa usingizi anatamani vitu vitamu na vya mafuta kuliko aliyelala.

Na ukipata hela kesho ukanunua toyo ya kubebea mizigo ukaendelea na chipsi zile zile, rudi hapa baada ya miaka mitatu utuambie.

Mwaka wa Tatu UDOM

Mleta mada umeuliza swali zuri sana, hili tumelisoma darasani. Kwa kifupi vitu vyote viwili ulivyosikia ni kweli.

Mwaka 1989 Sobal na Stunkard walikusanya tafiti 144 za nchi mbalimbali. Wakakuta kwenye nchi tajiri wanawake wa hali ya chini ndo wanene zaidi, na kwenye nchi maskini mambo yanageuka, wenye nacho ndo wanene. Baadae mwaka 2004 Mbrazili mmoja anaitwa Carlos Monteiro na wenzake wakaangalia nchi zinazoendelea peke yake, wakaona kuna mahali pa kugeukia. Pato la nchi likikaribia dola 2,500 kwa mtu kwa mwaka unene kwa wanawake unaanza kuhamia kwa maskini. Sisi Benki ya Dunia ilituingiza uchumi wa kati wa chini Julai 2020 kwa hesabu ya dola 1,080 kwa mtu. Kwahiyo kama nchi bado hatujafika hapo kwenye kona.

Lakini hapa ndo nataka mnisikilize. Hiyo ni nchi nzima, umechanganya Mvumi na Masaki kwenye kapu moja. Mjini tuko mbele ya wastani. Dodoma ilivyopandishwa kuwa jiji 2018 na serikali kuhamia huku, vitu vilikuja kwa kasi, chipsi kila kona, bajaji mpaka mlangoni, soda kwenye kila genge. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Wenye hela walivipata kwanza, saivi vimeshuka bei vinamfikia kila mtu, ila vitu vya kujikinga havijashuka, namaanisha muda wa mazoezi, matunda, kupima afya, usingizi. Mimi naamini dada yako ameshafika kwenye ile kona kabla ya nchi yake.

Marekani kwa mfano, takwimu zao za 2011 hadi 2014 zinaonyesha wanawake wa kipato cha chini wenye kiribatumbo walikuwa asilimia 45 na wa kipato cha juu karibu 30. Kwa wanaume tofauti kati ya maskini na tajiri ilikuwa ndogo sana. Uingereza watoto wa maeneo yenye umaskini mkubwa wana kiribatumbo kama mara mbili ya watoto wa maeneo yenye ahueni. Mwenye hela kule ndo ananunua wembamba. Na ukiangalia vizuri huku umeshaanza, watu wa Area D na Kisasa wanakimbia barabarani saa kumi na mbili asubuhi na raba nzuri, huo muda dada yako anageuza maandazi.

Mjukuu wa Mvumi

Nashukuruni sana. Mwanafunzi umenisaidia kuona ramani yote. Na mimi mwenyewe ngoja niseme langu, kilo 15 zangu nazijua zilikotoka. Mtumba ni kama kilomita 17 toka mjini, naenda na gari ya watumishi narudi nayo, nakaa kwenye kiti saa nane. Wiki ikiwa na vikao vitatu kuna chai ya saa nne, sambusa, maandazi, soda, mchana bufee. Kipindi cha bunge la bajeti ndo usiseme. Mimi nimenenepa kwa posho, dada kanenepa kwa yaliyobaki, na mtaani tunaitwa kwa jina moja, wenye nazo.

Mzee wa Kongwa

Marahaba wanangu. Nimesoma yote taratibu. Niongeze kidogo kwa upande wetu wazee.

Msiwalaumu sana wale wa chini ya mwarobaini. Ugogo ni nchi ya njaa. Babu yangu alipitia Mtunya, ile njaa ya wakati wa vita kuu ya kwanza, 1917 mpaka 1920 huko, watu walikufa na waliobaki walitawanyika. Alikuwa akituhesabia watu wa boma lake waliolala njiani. Mtu aliyekulia kwenye hadithi hizo akiona mwili umejaa anaona ghala limejaa. Kwetu mwili ulikuwa ndo mavuno yenyewe, na mwaka wa ukame ulikuwa unausoma kwenye mashavu ya watu kabla hujaenda kuangalia shamba.

Halafu ukaja ugonjwa, huu wa UKIMWI. Kule Kagera walionekana wa kwanza mwaka 1983, miaka ya tisini ulishatufikia wote. Mimi nimezika wadogo zangu wawili. Wakati huo mtu akikonda mwezi mmoja watu wanaanza kunong'ona, anatengwa, hata kikombe chake kinawekwa pembeni. Watu wakawa wanakula kwa nguvu ili wasisemwe. Mke wangu alipougua vidonda vya tumbo akapungua, alikuwa anavaa kanga tatu kwenda sokoni. Hofu hiyo haijaisha, imekaa kwenye ulimi. Ndo maana mpaka leo tukionana tunaambiana umenenepa, tunamaanisha nimefurahi u mzima.

Ila kwa hoja ya kipato mimi nasema hivi, hela ya kwanza mtu anayoipata hanunui chakula, ananunua kupumzika. Anaacha jembe, anaacha kusaga kwa jiwe, anaacha kwenda lambo kuchota maji. Mama yako wa Mvumi ana mbuzi 11 na hajanenepa kwa sababu mbuzi hao anawafuata kwa miguu, na ugali wake ni wa uwele na mlenda. Akiziuza akahamia Nkuhungu kwako utaona.

Mama Lishe Sabasaba

Mzee shikamoo, umenena. Mie nyumbani Bahi maji nilikuwa nafuata asubuhi na jioni, hapa bomba liko uani, na sitaki kurudi kule nakwambia ukweli, ila mwili ulikuwa mwingine.

Mwaka wa Tatu UDOM

Mzee shikamoo. Hapo kwenye Mtunya umenikumbusha kitu kimoja. Uholanzi kulikuwa na njaa kali msimu wa baridi wa 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula. Watafiti mwaka 1976 waliangalia vijana wa kiume laki tatu waliopimwa jeshini wakiwa na miaka 19, wale ambao mama zao walipigwa na njaa miezi ya mwanzo ya ujauzito ndo walikuwa na unene zaidi. Yani mtoto akinyimwa tumboni mwili wake unajifunza kuweka akiba, ukija kumpa sukari na mafuta ukubwani anaweka kila kitu. Mleta mada dada yako alizaliwa mwaka gani, mwaka wa mvua au wa ukame?

Mjukuu wa Mvumi

Nimempigia mama kumuuliza. Amesema dada alizaliwa mwaka ambao walikula mizizi. Hakutaka kuendelea, akaniuliza kama nimekula.

Mjukuu wa Mvumi

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilienda na dada kupima, ilibidi nimlipe hela ya siku hiyo ndo akubali kufunga biashara. Presha 158 kwa 98, mara mbili waliyopima. Sukari kabla ya kula 6.4, wamesema haijafika 7 ya kuitwa kisukari lakini imeshatoka sehemu salama, arudi baada ya miezi mitatu. Presha wamempangia kurudi wiki ijayo wapime tena kabla ya dawa.

Wakamshauri apunguze uzito, atembee, mboga ziwe nusu ya sahani. Dada akasikiliza vizuri, akashukuru. Tulivyotoka nje tukakaa kivulini tunasubiri daladala, nikamwambia tupange hayo maandazi yanayobaki, nimtafutie hata mteja wa jumla shuleni ili yasibaki, na mimi nichangie hela ya mboga na mayai kila wiki. Hilo amekubali, tumeanza jana, na Mama Lishe nakushukuru maana bila wewe nisingejua kwamba tatizo liko kwenye yale sita ya saa tano.

Ila kabla daladala haijafika aliniuliza kitu, sauti ya chini kabisa kama anaogopa mtu wa pembeni asisikie. Mdogo wangu, nikianza kukonda, wateja wangu si watasema nimeanza kuumwa? Nani atanunua andazi mikononi mwa mgonjwa?

Mzee wa Kongwa hiyo ndo ile hofu ya ulimi uliyosema. Nilikosa la kumjibu, nikamshika mkono tu. Kama kuna mama humu aliyepungua akiwa anauza chakula mtaani, naomba aniambie aliwaambiaje wateja wake.

Mama Lishe Sabasaba

Niandikie pembeni nikupe namba, nataka niongee na dada mwenyewe. Mie nilipungua kilo 11 mwaka juzi, walisema sana, wiki ya tatu wakazoea. Mwambie kanga asibane, na asiache kucheka na wateja, na wa kwanza kumwambia awe yule mteja wake wa kila siku, amwambie mwenyewe kabla hajaulizwa, nimeambiwa nina presha nakula mboga. Wangu ndo alikuwa mtetezi wangu pale kijiweni.